Vipimo vitatu vya pH ya udongo nilivyovipeleka msituni Solling: kipi ununue, kipi uachane nacho

Wadau, nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnataka hilo tu. Kile kipimo cha sindano mbili kisicho na betri, kinachouzwa kila kona ya mtandao, usinunue. Seti ya rangi, ile yenye unga mweupe na kichupa cha dawa, nunua bila kusita. Kalamu ya umeme ndio bora kuliko vyote ila inataka mtu mtulivu na mwenye muda wa kuitunza. Sasa anayetaka kujua kwa nini nasema hivi basi tukae kidogo, manake mimi sikuvijaribu kwenye vyungu vya maua dirishani, nilivipeleka msituni, kwenye udongo uliopigwa na mvua ya asidi miaka na miaka, na huko ndiko kifaa cha bei chee kinapoumbuka.

Naishi Göttingen, Ujerumani, na fani yangu ni misitu, nilianzia Morogoro kabla ya kuja huku. Huu mji umezungukwa na bahati ambayo mtu wa udongo akiiona anafurahi mwenyewe. Upande wa mashariki hapa hapa mjini kuna msitu wa Göttingen, miti ya biichi (mti wa majani mapana) imesimama juu ya mawe ya chokaa. Ukipanda gari kuelekea kaskazini magharibi, safari haifiki saa moja, unaingia milima ya Solling, nako kuna biichi na sprusi (mti wa majani ya sindano kama msonobari), ila chini ni mchanga mwekundu uliogeuka jiwe na juu yake vumbi laini lililoletwa na upepo zama za barafu. Moshi wa viwanda uliopita juu yake miaka yote ni ule ule, lakini udongo wa chini ni tofauti kabisa. Ukitaka kujua kipimo chako kinasema kweli au kinakutania, peleka sehemu hizo mbili siku moja. Kisipoona tofauti, kitupe.

(Kabla ya yote, niliomba ruhusa kwa afisa misitu wa eneo, na nilichukua udongo wa kujaza kiganja tu kila sehemu nikarudisha majani juu yake. Fanyeni hivyo na nyie, popote mlipo. Na kwenye maeneo ya utafiti yaliyozungushiwa uzio usiguse kitu, kuna watu wanapima pale tangu miaka ya 60.)

Haya, cha kwanza, hiki cha sindano. Bei yake kama euro 10, kina swichi ya kuchagua unyevu, mwanga na pH (namba ya asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali), unakichomeka ardhini na mshale unasogea papo hapo. Ndio maana watu wanakipenda, hakina kazi. Nilikichomeka kwenye biichi wa msitu wa Göttingen, kikasema 7 kasoro. Sawa, pale kwenye chokaa inaingia akilini. Nikaenda Solling chini ya sprusi, nikafukua majani makavu, nikakichomeka kwenye udongo wenyewe, kikasema 7 kasoro tena! Udongo ule maabara inausoma chini ya 4. Na pH sio kama kilo za sukari jamani, kila namba moja ukishuka asidi inazidi mara kumi, kwa hiyo kutoka 7 hadi 4 ni mara elfu moja. Kifaa kinachokosea mara elfu moja sio kipimo.

Sababu yenyewe iko wazi ukikifungua. Zile sindano mbili ni metali mbili tofauti, zikikaa kwenye unyevu zinazalisha umeme kidogo na huo umeme ndio unasukuma mshale. Sasa umeme huo unategemea zaidi maji na chumvi zilizopo ardhini, na jinsi ulivyoshindilia udongo, asidi inachangia kidogo tu. Jaribu mwenyewe: glasi ya maji, chomeka, alafu tia chumvi ya mezani ukoroge. Mshale unaruka, wakati chumvi ya mezani haijabadilisha pH ya maji hayo kwa chochote cha maana. Nyota 1 kati ya 5, na hiyo moja ni kwa sababu sehemu ya unyevu inasaidia kidogo kwenye chungu cha mnanaa.

Cha pili, seti ya rangi. Mimi nililipa kama euro 15, ndani kuna vichupa vya glasi vyenye kizibo, kopo la unga mweupe wa bariamu salfeti, kichupa cha dawa ya rangi na kadi ya kulinganisha. Unaweka udongo kidogo, unaweka unga, unatia distildi wota, matone ya dawa, unatikisa vizuri, unaacha ikae. Ule unga sio wa kupima kitu, kazi yake ni kushusha matope chini ili maji ya juu yawe masafi uione rangi. Nyekundu na chungwa ni asidi, njano inakaribia 6, kijani ni 7, kijani iliyoiva ni alkali. Inakosea labda nusu namba, na kwa mtu wa shambani au msituni nusu namba inatosha kabisa.

Sasa hapa ndipo nilipoipenda. Kule Göttingen kwenye chokaa ilitoka kijani. Solling ilitoka nyekundu ya mwisho kabisa wa kadi, yaani 4, na kadi yangu haiendi chini ya hapo, kwa hiyo jibu sahihi ni 4 au chini yake. Alafu nikafanya jambo ambalo nilikua nalisoma tu vitabuni. Mti wa biichi una gome laini, halina mikunjo, mvua ikinyesha matawi yanakusanya maji yote yanateremka kwenye shina kama mfereji hadi kwenye kitako cha mti. Miaka ile ya moshi mwingi hayo maji yalikua yanaosha salfa yote iliyoganda kwenye matawi na kuimwaga sehemu moja. Basi nikapima udongo pale pale shina linapoingia ardhini, na mwingine hatua mbili tatu pembeni, kwenye mti uliokaa mpakani, karibu na sehemu yenye udongo mzuri kidogo. Kitako cha mti: nyekundu. Pembeni: chungwa inayoelekea njano. Vichupa viwili vimesimama juu ya kisiki, mti mmoja, rangi mbili. Kipimo cha euro 15 kimeniwekea mkononi kitu ambacho kimeandikiwa tasnifu nyingi.

Na ukipita kando ya barabara ya msituni iliyomwagwa kokoto za chokaa, rangi inapanda kuelekea kijani, vumbi la barabara linatosha kubadilisha udongo wa hatua chache. Kwa hiyo usichukue sampuli kando ya njia ukasema umepima msitu, umepima barabara hiyo.

Kasoro yake nitaisema pia. Kwenye tabaka la juu kabisa, lile la mboji na majani yaliyooza nusu, maji yanatoka ya kahawia yenyewe na huwezi tena kuona rangi ya dawa. Pale seti hii inashindwa. Inabidi ushuke chini kwenye udongo wenye madini ndio uipime. Na usitumie maji ya bomba, maji ya bomba yana chumvi zake yatakuharibia jibu. Nyota 4 na nusu.

Ngoja niseme kwa nini namba hii ya 4 inatisha, maana bila hivyo unaweza kuona ni rangi nyekundu tu kwenye chupa.

Mvua yenyewe kiasili ina asidi kidogo, hewa ukaa ikiyeyuka ndani yake inakuwa kama 5.6. Makaa ya mawe na mafuta yakichomwa salfa inapanda hewani, magari na mitambo inatoa oksaidi za nitrojeni, zote zinakutana na maji angani zinakua asidi ya salfuriki na ya naitriki. Kule Solling miaka ya 70 walipima salfa inayoanguka chini ya sprusi karibu kilo 80 kwa hekta kila mwaka, na chini ya biichi karibu 50. Sprusi inabeba zaidi kwa sababu inabaki na majani ya sindano hata wakati wa baridi, inachuja moshi na ukungu mwaka mzima. Fikiria kilo 80 za salfa kwenye hekta, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mtu aliyeimwaga kwa mkono.

Udongo haukubali tu, unapambana, na aliyeeleza hayo mapambano vizuri kuliko wote ni Bernhard Ulrich wa Chuo Kikuu cha Göttingen. Alisema udongo una ngazi za kujikinga. Juu ya pH 6.2 kuna chokaa, chokaa inayeyuka na kuua asidi. Chokaa ikiisha, kati ya 6.2 na 5 madini ya mawe yanachakaa polepole na kusaidia. Kati ya 5 na 4.2 udongo unatoa akiba yake, kalsiamu, magnesiamu na potasiamu iliyoshikwa kwenye chembe za mfinyanzi, asidi inakaa mahali pao, na ile salfeti (salfa ya mvua ya asidi ikiwa imeyeyuka kwenye maji) ikishuka na maji inawaburuza hao wote hadi nje ya upeo wa mizizi. Hicho ndio chakula cha mti kinachoondoka. Alafu chini ya 4.2 akiba imekwisha na udongo unaanza kuyeyusha aluminiamu. Aluminiamu imejaa kwenye kila udongo, ikiwa imefungwa haina shida na mtu, ikifunguka inakua sumu kwa mizizi myembamba, na inaizuia isinywe hata ile kalsiamu na magnesiamu kidogo iliyobaki.

Kwa hiyo ile nyekundu kwenye kichupa changu maana yake ni aluminiamu. Nilivyofukua kidogo kwa mkono niliiona: mizizi myembamba ya sprusi imejibana yote juu, ndani ya mboji, huko chini ni michache mno. Mti mkubwa vile umeshikilia juu juu, kiangazi kikija unakauka wa kwanza, upepo ukija unalala. Minyoo ya ardhini sikuona hata mmoja, wakati msitu wa Göttingen ukigeuza majani wanakimbia. Bila minyoo majani hayachanganyiki na udongo, yanarundikana juu tabaka nene, na nalo linatoa asidi yake.

Kuna wanaosema kelele za miaka ile zilikua za bure, kwamba mwaka 1981 gazeti la Der Spiegel liliweka kwenye jalada kwamba msitu unakufa na leo msitu upo. Naomba nipinge kwa moyo wote. Msitu upo kwa sababu watu walishtuka! Mwaka 1983 Ujerumani Magharibi ikaweka sheria kwa mitambo mikubwa ya kuchoma makaa, mabomba ya moshi yakafungwa mashine za kuosha salfa kwa maji ya chokaa, na kinachobaki kinakua jasi wanayotengenezea mbao za ukutani. Tangu 1990 salfa dioksaidi inayotoka Ujerumani imepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Hiyo ni moja ya kazi nzuri kabisa binadamu amewahi kufanya kwa ajili ya hewa yake, na inastahili kutajwa kila mara mtu anaposema haiwezekani.

Ila mvua imepona, udongo bado. Salfeti iliyojificha ardhini miaka ile inaendelea kutoka polepole na kuburuza virutubisho, na mawe ya Solling yanachakaa taratibu mno kurudisha kilichoondoka. Na nitrojeni haijapungua kwa kasi hiyo, amonia kutoka kwenye mifugo na mbolea inaendelea kuanguka msituni. Hilo kipimo cha pH hakikuonyeshi peke yake.

Tuje cha tatu, kalamu ya umeme. Yangu ni kama euro 60, ina ncha ya kioo laini, na inakuja na vimiminika vya kuisetia, 4.01 na 7.00. Hii ndio iliyonipa namba kamili pale seti ya rangi ilipogota, chini ya sprusi ikasoma karibu na 4 bila kuifikia kwenye udongo wenye madini, na chini zaidi ya hapo kwenye mboji. Haichomekwi ardhini, ukichomeka unavunja kioo. Unachukua udongo sehemu moja na maji sehemu mbili na nusu, unakoroga, unaacha, ndio unazamisha. Maabara za huku zinatumia maji yenye kalsiamu kloraidi kidogo badala ya maji matupu, na jibu linakua chini kwa nusu namba hadi namba nzima, kwa hiyo ukilinganisha jibu lako na la maabara uliza kwanza walitumia nini. Watu wanagombana bure kwa hili.

Shida yake ni matunzo. Ncha ikikauka imekufa, lazima ikae kwenye kimiminika chake cha potasiamu kloraidi, na uisetie upya kila unapotaka kuitumia kwa umakini. Ukiiacha kwenye droo miezi mitatu ukaitoa ikakupa 5.8 usiiamini. Nyota 4 kwa mtu makini, 2 kwa mtu wa kuacha vitu popote.

Swali ambalo najua linakuja: sasa nikishapata 4, nimwage chokaa? Shambani kwako ndio, kwa kipimo cha bwana shamba. Msituni, hapana, sio kazi yako na mfuko wako wa kilo 20. Huku idara za misitu zinamwaga chokaa ya dolomaiti kwa helikopta au kwa mashine ya kupuliza, kama tani 3 kwa hekta, na wanachagua dolomaiti kwa sababu ya magnesiamu iliyo ndani, sprusi nyingi zilikua zinageuka njano kwa kukosa hiyo. Na hata wao hawamwagi kila mahali. Kuna ardhi ya majimaji yenye peti (mabaki ya mimea yasiyooza vizuri) ambayo kiasili ina asidi kali na viumbe vyake vinaishi hivyo hivyo, ukiviwekea chokaa umeviua. Na ukimwaga nyingi kwa pamoja mboji inaoza haraka, naitreti (nitrojeni inayoyeyuka kwenye maji) inashuka hadi maji ya kisima.

Kwa wa nyumbani. Mtu wa Lushoto au Njombe akipima akapata 4.8 asikimbilie kusema ni moshi wa viwanda. Udongo wa milima yetu yenye mvua nyingi umeoshwa maelfu ya miaka na mvua ya kawaida tu, na chai yenyewe inataka udongo wa namna hiyo. Kipimo kinakwambia asidi ipo, hakikwambii nani kaileta. Ukitaka kujua aliyeileta lazima uangalie upepo unatoka wapi na kuna nini huko. Lubumbashi, kule Kongo (DRC), ndio mfano wetu wa karibu: kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911, moshi wenye salfa na vumbi la metali ukaenda na upepo kuelekea kaskazini magharibi, na upande huo miombo ikafutika, ardhi ikabaki wazi. Pale asidi na shaba vimeshikana, udongo ukiwa mkali shaba inafunguka zaidi na kuunguza mizizi, ndio maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuotesha nyasi na miti kwa kuweka chokaa na mboji kwanza. Jirani yangu mmoja huku ni mzaliwa wa huko, nilimwonyesha vile vichupa viwili akaniambia "kaka, peleka hiyo Lubumbashi, kule haitakosa rangi". Nampelekea seti yake akienda likizo.

Kwa matumizi ya nyumbani basi seti ya rangi inatosha, alafu sampuli moja moja ya kuhakiki peleka maabara, Tanzania mna TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa kilimo) na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Kenya mna KALRO Kabete (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo). Ukinunua angalia mambo mawili: tarehe ya mwisho kwenye kile kichupa cha dawa, maana ikipita rangi zinadanganya, na kama muuzaji anauza dawa peke yake bila kununua seti nzima upya. Yangu inauzwa peke yake, kichupa kama euro 6. Funga kizibo sawasawa, weka mbali na jua na mbali na watoto.